Mkalimani wa Chumba cha Pili

Kazi yangu ni kusimama katikati.
Kifaransa huingia kwa sikio la kushoto,
Kiswahili hutoka kinywani, kimevuliwa koti.
Miaka kumi na tisa, mahakamani Lubumbashi,
nimewatafsiri wezi wa nyaya, wajane, ndugu wa damu,
na mbuzi mmoja aliyeletwa kuwa ushahidi
akala ukurasa wa jalada.

Jumanne ile alisimama Mama Musau wa Ruashi.
Kiwanja: mita kumi na tano kwa ishirini na tano,
na ndani yake kichuguu kikubwa kuliko nyumba.
Udongo wake ulifyatua matofali
ya vyumba viwili, ya choo, ya kaburi la mumewe.
Asubuhi moja aliamka, ukuta umepita katikati,
ukuta wa bwana mwenye depo la madini,
na kichuguu kiko upande wa pili.

Wakili wake, kijana wa viatu vya kuazima,
alifungua Katiba palipokunjwa pembe:
kifungu cha mia moja hamsini na moja.
Akasoma. Wote wakanigeukia.

Serikali haiwezi kumpa jaji… kumpa nini?
Amri? Amri ni ya kambini.
Maagizo? Hayo hupewa mtoto wa dukani.
Neno lile lina meno na halina sahihi,
linapita usiku, kwa simu.
Nilipekua mifuko yote ya Kiswahili changu
nikasema: "Mkubwa asimnong'oneze jaji."
Karani aliinua macho.
Mama Musau akaitika: "Hapo nimesikia."

Ndipo simu ya jaji ikatetemeka mezani,
ikazunguka kama mende aliyelala chali,
ikagonga glasi ya maji.
Hakuna aliyeuliza ni nani.
Bwana wa depo alitazama dari, akatabasamu kidogo.

Jaji Ngandwe ana watoto sita.
Mshahara wake tunaujua; wetu ni mdogo wake.
Simu ikatetemeka mara ya pili. Ya tatu.
Mimi nilihesabu,
maana ukimya hautafsiriki
na sikuwa na kazi nyingine.
Akanyoosha mkono, akaomba kitabu cha yule kijana,
akakiweka juu ya simu
kama mtu afunikavyo bukari, nzi wasitue.
"Endelea, wakili."

Kitabu kikawa kinatetemeka.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma matatu, milango wazi.
"Kwa jina la wananchi," nilitafsiri,
na watu wa benchi la nyuma wakatazamana
kana kwamba wameletewa deni.
Ukuta ubomolewe.

Lakini Katiba ina jina la pili:
kuhukumu ni kwa jina la wananchi,
kutekeleza ni kwa jina la Rais,
na kati ya majina hayo mawili
kuna barabara ya kwenda Ruashi, lami kisha vumbi,
na mtekelezaji wa hukumu hana hata pikipiki.
"Mama, lete ya mafuta," alimwambia.
Alisema kwa Kiswahili. Sikuhitajika.

Oktoba, kabla ya mvua, nilimkuta kwenye korido,
hukumu yake ndani ya mfuko wa plastiki.
Nikauliza habari za ukuta.
"Waliondoa mistari miwili, mafuta yakaisha.
Nikipanda kiti, nakiona kichuguu kichwa."
Kisha akasema: "Niambie tena lile neno."
Nikarudia: mkubwa asimnong'oneze jaji.

Akatikisa kichwa.
"Halijaisha. Sema pia:
na jaji akisha kusema, mkubwa asikalie njia."

Nilirudi ofisini, nikafungua kifungu.
Limo. Mstari wa mwisho kabisa, limo:
asizuie hukumu kutekelezwa.
Siku ile, kwa kuisikiliza simu,
nililiruka.